Jinsi ya kuitambua ndege ya mabomu ya Vita vya Pili kwa picha ya pua yake

Picha hizi hufanana sana. Vijana tisa au kumi wamejipanga chini ya pua ya ndege, wengine wamesimama, wengine wamechuchumaa, makoti ya ngozi yamefungwa hadi shingoni. Juu ya vichwa vyao kuna mchoro: msichana wa nguo ya kuogelea, katuni, fuvu, na jina lililoandikwa kwa madaha. Nyuma ya karatasi hakuna neno. Mtu akitaka kujua ni ndege gani, hulichukua lile jina, akalitafuta mtandaoni, akapata ndege inayoitwa hivyo, akafunga kazi. Mara nyingi huwa amepata ndege ya watu wengine.

Jina la puani lilikuwa la utani na mapenzi, si la serikali. Rubani alilichagua, fundi au askari mwenye kipaji akalipaka, na kambi ya jirani wakalipenda wakaiga. Ni kama daladala: magari yenye maandishi "Mungu Mkubwa" ni mengi, ndiyo maana trafiki akikusimamisha huandika namba za usajili. Ndege aina ya B-17 zilitengenezwa 12,731, za B-24 zikapita 18,000, na kila moja ilikuwa na namba yake ya jeshi ambayo haikubadilika hata ikihamishwa kikosi, ikipakwa rangi upya au ikibatizwa jina jingine. Kazi yako ni kutoka kwenye mchoro hadi kwenye namba hiyo.

1. Ipige skani kabla ya kuichunguza

Picha ndogo ya mkononi iskani kwa nukta 1200 kwa inchi, bila kichujio chochote cha kung'arisha. Skani na upande wa nyuma, hata kama unaonekana mtupu. Penseli iliyofifia hujitokeza ukiongeza tofauti ya mwanga na giza. Picha rasmi za jeshi la anga la Marekani mara nyingi zina namba inayoishia na herufi A.C., na hiyo ni namba ya negativu kwenye hifadhi yao. Ukiwa nayo, umeruka nusu ya hatua zinazofuata.

Usiikate kingo. Ncha ya bawa, kipande cha mkia au ndege ya pili iliyoegeshwa kwa mbali ndivyo vinavyokuja kukusaidia baadaye.

Na tafadhali, usiipitishe kwenye programu za akili unde zinazodai "kurekebisha" picha za zamani. Programu hizo hazisomi herufi iliyofifia, zinabuni herufi inayopendeza mahali pake. Ukishaona 3 safi kabisa pale palipokuwa na ukungu, macho yako hayatakubali tena kwamba huenda ilikuwa 8.

2. Ni aina gani ya ndege?

Sehemu ya mbele peke yake hutosha.

B-17 ina pua ya duara ya plastiki angavu. Ikiwa chini ya kidevu kuna tareti, yaani kibanda cha bunduki kinachozunguka, unaangalia B-17G, au zile F chache za mwisho zilizotoka kiwanda cha Douglas. Bila tareti hiyo na kioo kikiwa kimoja kisicho na fremu, ni F. Kioo chenye fremu nyingi ni E au ya kabla yake.

B-24 ina ubavu bapa uliosimama wima, na ubavu huo ulimpa mchoraji nafasi ya kutosha kujimwaga. B-24D ina pua ya vioo, ilhali H na J zina tareti ya bunduki mbili pale mbele kabisa. B-29 haina kipandio kati ya pua na dirisha la rubani, sehemu yote ya mbele ni kuba moja la vioo.

Kwa Waingereza, Lancaster ina tareti puani na chini yake kuba la mlenga mabomu, na mchoro hukaa chini ya dirisha la rubani, upande wa kushoto. Halifax za Mark III zina pua ya kioo isiyo na tareti na injini za duara zinazopozwa kwa hewa. Wellington utaitambua kwa mifupa: umbo lake lilifumwa kwa vyuma vilivyopishana, juu yake kukavutwa kitambaa, na vyuma hivyo huonekana kupitia madirisha ya ubavuni.

3. Je, picha imegeuzwa?

Negativu ikichapwa kwa nyuma, kushoto huwa kulia. Kwenye mchoro wenye maneno utaona mara moja. Usio na maneno unahitaji ujanja: angalia beji ya mabawa kifuani mwa rubani, ambayo huvaliwa upande wa kushoto. Angalia na vifungo vya shati. Hatua hii ni ya dakika moja, lakini ina maana yake, kwa sababu ndege nyingi zilikuwa na mchoro upande mmoja tu, na baadhi zilikuwa na michoro miwili tofauti. Msichana wa B-17 maarufu "Memphis Belle" amevaa bluu ubavu wa kushoto na nyekundu ubavu wa kulia. Asiyejua hilo ataona picha mbili na kusema ni ndege mbili.

4. Soma kila kilichoandikwa, isipokuwa jina

Hapa ndipo utumie muda wako mwingi.

Upande wa kushoto, karibu na dirisha la rubani, ndege za jeshi la Marekani zilikuwa na mistari michache ya herufi ndogo zilizopigwa kwa stensili. Kwa mtazamaji wa kawaida ni vumbi tu. Kikuze. Humo mnaandikwa aina kamili ya ndege na namba yake. Ya "Memphis Belle" ni B-17F-10-BO, namba 41-24485. F ni toleo, 10 ni awamu ya utengenezaji, BO ni kiwanda cha Boeing cha Seattle. Ukiona DL ni Douglas wa Long Beach, VE ni Vega wa Burbank, na kwa B-24, CO ni San Diego na FO ni kiwanda cha Ford cha Willow Run. Hiyo 41 ni mwaka wa bajeti ambao ndege iliagizwa, si mwaka iliotoka kiwandani, na watu wengi hujikwaa hapo.

Kama mkia unaonekana, namba ile ile imepakwa juu yake kwa tarakimu kubwa, ila tarakimu ya kwanza ya mwaka imeachwa. Kwa hiyo 124485 mkiani ni 41-24485, na 231909 ni 42-31909. Hiyo ya pili ndiyo iliyoitwa "Nine-O-Nine", jina lililotokana na tarakimu zake tatu za mwisho. Ni moja ya mara chache ambapo jina na namba vinasema kitu kimoja, na ukikutana na jina la tarakimu, jaribu kwanza njia hiyo.

Kisha kuna herufi kubwa za ubavuni. Kwa ndege za Marekani zilizokaa Uingereza, na kwa za Waingereza wenyewe, herufi mbili ni za skwadroni na moja ni ya ndege. DF-A ilikuwa ndege A ya Skwadroni ya 324, Kikosi cha 91 cha mabomu, kambi ya Bassingbourn. OR ilikuwa Skwadroni ya 323 ya kikosi hicho hicho. Mkiani, ndege za Jeshi la Nane la Anga zilikuwa na umbo lenye herufi ndani: pembetatu kwa Divisheni ya Kwanza, duara kwa ya Pili, mraba kwa ya Tatu. Pembetatu yenye A ni Kikosi cha 91, yenye C ni cha 303, mraba wenye D ni cha 100. Divisheni ya Pili, ya ndege za B-24, iliacha maduara mwaka 1944 ikaanza kupaka mikia rangi na mistari. Ukiona duara kwenye B-24 ya Uingereza, picha inaelekea kuwa ya mapema.

Usiisahau hatari ya herufi hizi: ndege ikiangushwa, iliyokuja kuziba nafasi yake mara nyingi ilipewa herufi hiyo hiyo. Herufi hukupa skwadroni, hazikupi ndege moja.

Majina ya watu nayo yasome. Chini ya dirisha la rubani huandikwa jina la rubani, karibu na pua jina la mlenga mabomu, na mahali fulani pembeni jina la fundi mkuu wa ndege. La fundi ndilo ninaloliamini zaidi. Marubani walimaliza zamu wakarudi kwao, lakini fundi alibaki na ndege yake. Nyuso za wale waliosimama mbele siziamini hata kidogo, kwa sababu wapiga picha wa jeshi waliwapanga watu mbele ya ndege yoyote iliyokuwa karibu na yenye mchoro mzuri.

5. Usiziamini rangi za kijivu

Filamu nyingi za zamani zilikuwa za aina ya othokromati, ambazo hazioni nyekundu. Kwenye filamu hizo nyekundu hutoka nyeusi, njano hukoza, na bluu hupauka hadi kukaribia nyeupe. Filamu za pankromati huona rangi zote, kwa hiyo ndege moja iliyopigwa na wapiga picha wawili asubuhi ile ile yaweza kuonekana na rangi mbili.

Athari yake kubwa iko kwenye ndege za Waingereza za usiku. Ubavu wake ulipakwa nyeusi, na herufi pamoja na namba vikawekwa kwa nyekundu iliyofifia. Nyekundu juu ya nyeusi, kwenye filamu isiyoona nyekundu: namba hutoweka kabisa. Mtu husema "haikuwa na namba", kumbe ipo. Pandisha mwanga sehemu za giza, ubavu wa nyuma karibu na mkia, utafute kivuli cha herufi moja au mbili na tarakimu zinazofuata.

6. Ibane tarehe

Huhitaji siku yenyewe. Unahitaji "si kabla ya" na "si baada ya".

Nyota ya ndege za Marekani ilipoteza kitone chake chekundu cha katikati Mei 1942. Mwishoni mwa Juni 1943 iliongezewa mabawa meupe pembeni yenye mzingo mwekundu, na miezi michache baadaye mzingo ukawa wa bluu. Mzingo mwekundu, kwa hiyo, ni wa kipindi kifupi sana. Ndege zisizopakwa rangi, zinazong'aa alumini tupu, zilianza kufika kwa wingi kwenye vikosi vya Uingereza mapema 1944.

Halafu kuna mabomu madogo yaliyopakwa mistari kwa mistari. Kila bomu ni safari moja ya mashambulizi, na "Memphis Belle" ilimaliza ya 25 tarehe 19 Mei 1943. Siku sita kabla yake "Hells Angels" ya Kikosi cha 303 ilikuwa imekwishafika idadi hiyo, ingawa sifa zilikwenda kwa mwenzake. Mabomu hayo huhesabu safari za ndege, si za rubani aliyesimama mbele yake. Picha mbili za ndege moja, moja ina mabomu 12 na nyingine 31, zinakupa mpangilio wa nyakati bila kubahatisha.

Alama nyingine zina lugha yake. Msalaba wa swastika ni ndege ya Kijerumani iliyodaiwa kuangushwa. Bata ni safari ya kumhadaa adui. Ngamia ni safari ya kuvusha mizigo juu ya Himalaya kati ya India na China. Koni ya aiskrimu kwenye Lancaster ni mashambulizi ya Italia, utani wa Kiingereza.

Mchoro wenyewe una tarehe pia. B-29 iliyodondosha bomu la atomiki Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945, namba 44-27297, ilikwenda ikiwa haina mchoro. Behewa la treni lenye mabawa na jina "Bockscar" vilipakwa baada ya safari hiyo. Picha yoyote inayoonyesha behewa hilo, hata iandikwe nini chini yake, si ya asubuhi ile. "Enola Gay" ni kinyume chake: jina la mama yake rubani lilipakwa siku moja tu kabla ya Hiroshima. Na mkia wake ulikuwa na R ndani ya duara, alama ya Kikosi cha 6, ambacho ndege hiyo haikuwa yake. Alama ziliazimwa makusudi ili kumchanganya adui. Basi hata mkia hudanganya, lakini namba 44-86292 haikudanganya.

7. Tazama nyuma ya ndege

Mabanda ya bati yaliyopinda, matope na mawingu mazito ni Uingereza. Minazi na njia ya kurukia iliyotandikwa mabati ya matundu ni Pasifiki. Mchanga na mahema ni Afrika Kaskazini, na huko B-24 zilipakwa rangi ya mchanga inayoelekea waridi. Ndege ya namna hiyo, "Lady Be Good", namba 41-24301, ilipotea tarehe 4 Aprili 1943 ikirudi kutoka Naples. Ilidhaniwa imezama baharini, hadi watafuta mafuta walipoiona katikati ya jangwa la Libya mwaka 1958. Jina lake liko ubavu wa kulia, na pua yake ina tarakimu 64, kwa hiyo anayepekua picha za upande wa kushoto akilitafuta jina hatalipata.

Usiiondoe pwani yetu kwenye hesabu. Skwadroni ya 621 ya Waingereza iliundwa Port Reitz, Mombasa, Septemba 1943, pale ulipo leo uwanja wa ndege wa Moi, ikiwa na Wellington za kuwinda nyambizi. Mei 1944 ndege zake zilishiriki kuiandama nyambizi ya Kijerumani U-852 hadi ikaishia ufukweni Somalia. Na kama picha imetoka kwenye sanduku la mzee wa Keya aliyepigana Burma, angalia duara la Kiingereza ubavuni. Huko waliliondoa doa jekundu la katikati wakabaki na bluu mbili, nzito na nyepesi, askari wasije wakalidhania jua la Wajapani.

8. Sasa ndipo umgeukie yule msichana

Nimemweka mwisho kwa sababu anapendeza kuliko anavyosaidia. Wengi wa wasichana hawa walinakiliwa kutoka kurasa za jarida la Esquire, kazi za George Petty na Alberto Vargas, na ukurasa mmoja ungeweza kuzaa ndege kumi katika kambi kumi. Wa "Memphis Belle" ni wa Petty. Kufanana kwa mkao hakuthibitishi chochote.

Mkono wa mchoraji ndio unaosaidia. Tony Starcer alipaka ndege zaidi ya mia za Kikosi cha 91. Phil Brinkman alizipaka B-24 za Skwadroni ya 834, Kikosi cha 486 kule Sudbury, alama za nyota za falaki, moja kwa kila ndege. Ukikuta B-24 yenye Nge au Mapacha waliochorwa kwa ustadi, anzia hapo. Linganisha umbo la herufi, kivuli chini ya jina na namna vidole vilivyochorwa, kisha tafuta michoro mingine ya kambi hiyo.

Kumbuka pia kwamba mchoro ulifutwa. Lancaster R5868 ilipokuwa Skwadroni ya 83 ikiitwa Q ilikuwa na mwanamke aliye uchi puani. Ilipohamia Skwadroni ya 467 ya Waaustralia ikawa S, na badala yake pakaandikwa maneno ya majigambo ya Göring, mkuu wa jeshi la anga la Ujerumani, kwamba hakuna ndege ya adui itakayoruka juu ya ardhi ya Ujerumani, huku chini yake safu za mabomu zikizidi kuongezeka. Ni ndege moja, iliyopo leo kwenye makumbusho ya jeshi la anga London.

9. Peleka ulichopata kwenye kumbukumbu

Kwa ndege za Marekani zilizokaa Uingereza, anza na tovuti ya American Air Museum iliyoko Duxford. Unaweza kutafuta kwa namba, kwa kikosi au kwa jina la mchoro, na watakuonyesha picha za kulinganisha. Ndege ikiwa ilipotea, tafuta ripoti ya wanaanga waliopotea katika Hifadhi ya Taifa ya Marekani. Ripoti hizo zina namba ya ndege, mara nyingi na za injini, pamoja na majina ya wote waliokuwemo. Kwa Waingereza, vitabu vya kumbukumbu za operesheni viko Hifadhi ya Taifa ya Uingereza huko Kew, London, kwenye mfululizo wa AIR 27, na humo kila safari imeandikwa namba ya ndege na majina ya wanaanga. Chukua jina la rubani ulilolisoma dirishani na kipindi ulichokibana hatua ya sita, pekua miezi hiyo tu.

Kuwa macho na picha za maonyesho ya kisasa zilizogeuzwa kuwa nyeusi na nyeupe. "Sally B" inayoruka Uingereza ina mchoro wa "Memphis Belle" ubavu mmoja. B-17 iliyoanguka Connecticut tarehe 2 Oktoba 2019 ilikuwa na rangi za "Nine-O-Nine", lakini namba yake halisi ilikuwa 44-83575, na ile ya vita ilikwishakatwa kuwa chuma chakavu miongo mingi kabla. Rangi mpya inayong'aa bila doa la mafuta nyuma ya injini inatosha kukutia shaka.

10. Andika maelezo ya picha

Nataka ushahidi wa aina mbili usiotegemeana kabla ya kuandika namba: mathalani tarakimu za mkiani na kumbukumbu ya Kew, au stensili na jina la fundi. Mchoro na jina lake nahesabu kuwa kitu kimoja. Ukiwa na pungufu ya hapo, andika "inaelekea kuwa", na useme kwa nini, ili atakayekuja na picha bora ajue pa kuanzia.

Tumia penseli laini, nyuma ya picha, ukingoni. Anza na aina na namba, kisha skwadroni na kikosi, kambi, kipindi, upande wa ndege unaoonekana, na idadi ya mabomu yaliyopakwa. Faili la skani lipe namba hiyo hiyo. Jina la puani liandike mwisho, ndani ya alama za kunukuu, kwa tahajia ile ile iliyopakwa, hata kama mchoraji alikosea.